Żmuda wa Poland, Mlinzi wa Vikombe Vinne vya Dunia

Mchezo wa mpira wa miguu una desturi yake ya kugawa sifa, na desturi hiyo aghalabu humpendelea mwenye kufunga mabao. Mtu akiulizwa habari za Poland, ile Poland iliyoitikisa dunia kati ya mwaka 1974 na 1982, hatakawia kumtaja Grzegorz Lato na upara wake, atamtaja Kazimierz Deyna na mikwaju yake ya mbali, kisha atamtaja Zbigniew Boniek. Ni nadra kulisikia jina la Władysław Żmuda. Naye ndiye aliyekuwamo katika kikosi cha nchi yake katika mashindano manne ya Kombe la Dunia, yaani yale ya 1974, 1978, 1982 na 1986, akacheza jumla ya mechi 21. Siku alipoitimiza idadi hiyo hapakuwa na mchezaji yeyote duniani aliyekuwa amempita. Katika mechi zake 91 za timu ya taifa alifunga mabao mawili tu.

Tumeona vema leo kuwaandikia wasomaji wetu walio katika majeshi na polisi habari za mtu huyu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi yake ilikuwa kazi ya lindo, na wao waijua kazi hiyo kuliko sisi tukaao ofisini na kalamu. Ya pili ni kwamba kabla hajafika kwenye klabu zilizompatia fedha, alilelewa kwanza na klabu ya polisi, na baadaye na klabu ya jeshi.

Żmuda alizaliwa tarehe 6 Juni 1954 katika mji wa Lublin, mashariki ya Poland, miaka tisa tu baada ya vita kuu iliyoiacha nchi hiyo kuwa magofu. Alianza mpira katika klabu ya mji wake, Motor Lublin. Mwaka 1973 alihamia mji mkuu, Warszawa, akajiunga na Gwardia. Gwardia ilikuwa klabu ya Wizara ya Mambo ya Ndani, yaani klabu ya polisi ya nchi hiyo, ambayo wakati ule iliitwa Milicja Obywatelska. Mwaka uliofuata alikwenda Wrocław, magharibi ya nchi, kuichezea Śląsk, nayo ilikuwa klabu ya jeshi.

Hapa yafaa tutue kidogo tueleze mambo yalivyokuwa. Katika Poland ya siku zile hapakuwa na mchezaji aliyeitwa wa kulipwa. Kila klabu ilikuwa na mwenye kuitunza. Wachimba makaa ya mawe walikuwa na Górnik ya Zabrze, viwanda vikubwa vilikuwa na klabu zao, polisi walikuwa na Gwardia, na jeshi lilikuwa na Legia ya Warszawa pamoja na Śląsk ya Wrocław. Mchezaji aliandikwa katika daftari la mishahara kuwa ni mchimba madini, fundi, polisi au askari, lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa kiwanjani. Jeshi lilikuwa na nguvu moja ambayo wengine hawakuwa nayo, nayo ni sheria ya kila kijana kulitumikia taifa kwa muda. Deyna mwenyewe, aliyekuja kuwa nahodha wa taifa, alikuwa ŁKS ya Łódź hadi mwaka 1966 alipoitwa jeshini, na huko akajikuta katika jezi ya Legia. Klabu za mikoani zilinung'unika sana kwa jambo hili, na kwa maoni yetu zilikuwa na haki ya kunung'unika, maana ni vigumu kushindana na mwenzio anayeweza kukuchukulia mchezaji kwa hati ya wito.

Hata hivyo haifai kulitazama upande mmoja. Kijana aliyefika katika klabu hizo alipata chakula cha uhakika, daktari, viwanja vizuri, na zaidi ya yote alipata utaratibu. Alijua saa ya kuamka na saa ya kulala. Wasomaji wetu si wageni wa jambo hili, maana hata Afrika vikosi vimelea wachezaji wengi. Simba, timu ya jeshi la Uganda, ilifika hadi fainali ya Klabu Bingwa ya Afrika mwaka 1972 ikafungwa na Hafia ya Guinea, na huko Zambia jeshi lina timu yake ya Green Buffaloes.

Turudi kwa Żmuda. Bahati yake, kama twaweza kuiita bahati, ilimjia mapema mno. Tarehe 17 Oktoba 1973 Poland ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Uingereza katika uwanja wa Wembley, na kwa sare hiyo Uingereza, mabingwa wa dunia wa mwaka 1966, wakakosa kwenda Ujerumani ya Magharibi. Żmuda hakuwapo uwanjani usiku ule. Katikati ya ulinzi walisimama Jerzy Gorgoń wa Górnik Zabrze na Mirosław Bulzacki. Mtu angedhani ya kuwa baada ya ushindi wa namna ile (maana sare ile ilikuwa na maana ya ushindi) mwalimu asingeigusa ngome yake. Lakini mwalimu Kazimierz Górski aliutazama mwaka uliokuwa mbele. Mashindano yalipofunguliwa mwezi Juni 1974, Bulzacki alikuwa benchi, na aliyesimama kando ya Gorgoń alikuwa kijana wa Gwardia ambaye wiki iliyotangulia tu ndiyo kwanza ametimiza miaka 20.

Wawili hao walikuwa tofauti kabisa. Gorgoń alikuwa pandikizi la mtu. Mpira wa juu ulikuwa wake, na mshambuliaji aliyejaribu kumpita kwa kifua alijuta. Żmuda alikuwa mrefu pia, lakini hakuwa mtu wa kugongana. Kazi yake ilikuwa kusimama hatua chache nyuma ya mwenzake na kusoma. Akiona mshambuliaji anainua kichwa, alikwisha kujua mpira utakapotua, akawa amefika hapo kabla yake. Wanaojua mbinu za vita wataielewa hali hii kwa urahisi: mmoja hukutana na adui mbele, na mwingine hukaa nyuma akishika njia ambayo adui atapitia endapo wa mbele atazidiwa. Huyu wa nyuma akifanya kazi yake sawasawa, watazamaji hawaoni kitu. Wanaona tu kwamba shambulio limekufa, nao wasijue limeuawa na nani.

Poland ilicheza mechi saba katika mashindano yale, na Żmuda alicheza zote. Waliishinda Argentina 3 kwa 2, wakaifunga Haiti mabao 7 bila, wakaiondoa Italia kwa 2 kwa 1. Katika duru ya pili waliifunga Uswidi bao 1 kwa 0, na Yugoslavia 2 kwa 1. Yugoslavia hiyo ndiyo iliyokuwa imewafunga ndugu zetu wa Zaire mabao 9 siku chache nyuma, kwa hiyo Waafrika wengi hawakuhuzunika.

Ikabaki mechi ya Frankfurt, tarehe 3 Julai 1974, dhidi ya wenyeji. Mvua kubwa ilinyesha kabla ya mchezo hata kiwanja kikawa kama shamba la mpunga. Wazima moto waliletwa na pampu zao kuyafyonza maji, na mchezo ukacheleweshwa. Wengi husema mpaka leo kwamba mchezo ule haukupaswa kuchezwa siku ile, nasi twakubaliana nao. Wajerumani walihitaji sare tu kwa kuwa walikuwa na mabao mengi zaidi, ilhali Poland ilipaswa kushinda, na nguvu ya Poland ilikuwa mbio za Lato na Gadocha pembeni. Mbio gani mtu atapiga katika madimbwi? Mlinda mlango Jan Tomaszewski aliizuia penalti ya Uli Hoeness, na kwa dakika 75 ngome ilisimama. Dakika ya 76 Gerd Müller akapata nafasi moja, naye hakuwa mtu wa kuhitaji mbili. Poland ikafungwa 1 kwa 0. Siku tatu baadaye, mjini München, waliifunga Brazil, mabingwa waliokuwa wakishikilia kombe, kwa bao moja la Lato, wakachukua nafasi ya tatu.

Mechi saba, mabao matano tu yaliyoingia. Katika orodha ya FIFA ya wachezaji bora vijana wa Kombe la Dunia, mwaka 1958 limeandikwa jina la Pelé, mwaka 1966 la Franz Beckenbauer, mwaka 1970 la Teófilo Cubillas wa Peru. Mwaka 1974 limeandikwa jina la Władysław Żmuda.

Kutoka hapo alirudi nyumbani na kuanza maisha yake ya Wrocław, katika klabu ya jeshi, akakaa huko hadi mwaka 1980. Śląsk haikuwa klabu kubwa. Pamoja na Żmuda ilitwaa Kombe la Poland mwaka 1976, kisha ikatwaa ubingwa wa ligi wa msimu wa 1976-77, wa kwanza katika historia yake. Ubingwa wa pili waliungoja hadi mwaka 2012. Kuna kichekesho kimoja hapa ambacho hatuwezi kukiacha. Mwalimu wa Śląsk wakati huo naye aliitwa Władysław Żmuda, mtu mwingine kabisa. Twawahurumia waandishi wa magazeti ya Wrocław, ambao kila Jumapili ilibidi waeleze ni Żmuda yupi aliyemfokea Żmuda yupi.

Mwaka 1976 ulikuwa pia mwaka wa Michezo ya Olimpiki mjini Montreal. Kwa kuwa wachezaji wa Poland hawakuhesabiwa kuwa wa kulipwa, timu ile ile ya Kombe la Dunia iliruhusiwa kwenda, na Żmuda akiwamo. Wasomaji wetu watakumbuka Olimpiki hiyo kwa sababu nyingine. Nchi za Afrika ziliisusia, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki hali timu yake ya raga ilikuwa imekwenda kucheza Afrika ya Kusini ya makaburu. Nigeria, iliyopangwa kundi moja na Poland, Iran na Kuba, iliondoka, vivyo hivyo Ghana na Zambia katika makundi mengine. Poland ikacheza mechi mbili tu katika kundi lake, ikaifunga Korea ya Kaskazini mabao 5 bila, ikaitoa Brazil 2 kwa 0. Katika fainali tarehe 31 Julai walikutana na Ujerumani ya Mashariki, wakaingiwa na mabao mawili katika dakika 15 za kwanza, wakashindwa 3 kwa 1. Medali ya fedha ya Olimpiki si kitu kidogo, lakini huko Warszawa ilipokewa kama msiba, maana miaka minne nyuma timu hiyo ilikuwa imeleta dhahabu kutoka München. Górski aliiacha kazi.

Mashindano ya Argentina ya mwaka 1978 hatutayakalia sana. Żmuda alicheza mechi zote sita. Sare na Ujerumani ya Magharibi bila bao, ushindi mwembamba wa 1 kwa 0 dhidi ya Tunisia (timu iliyokuwa imetoka kuipatia Afrika ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia kwa kuifunga Meksiko), kisha Meksiko nayo ikafungwa 3 kwa 1. Katika duru ya pili walipigwa na wenyeji 2 kwa 0 mjini Rosario, mechi ambayo Mario Kempes aliuzuia mpira kwa mkono juu ya mstari wa goli na Deyna akaikosa penalti. Waliishinda Peru, wakafungwa na Brazil 3 kwa 1, wakarudi nyumbani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa wasomaji wetu huenda ndilo kubwa kuliko mabao yote haya.

Mwaka 1980 Żmuda aliiacha klabu ya jeshi akaenda Widzew, klabu ya mji wa viwanda vya nguo wa Łódź. Widzew ilikuwa timu ya watu wenye vichwa vigumu. Boniek alikuwamo, na mlinda mlango Józef Młynarczyk alikuwamo. Mwaka huo iliitoa Manchester United katika Kombe la UEFA, kisha ikaitoa Juventus kwa penalti. Mwishoni mwa Novemba timu ya taifa ilikusanyika katika hoteli mjini Warszawa, tayari kusafiri kwa ndege kwenda Italia kwa mazoezi, na kutoka huko kwenda Malta kucheza mechi ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Asubuhi ya safari, tarehe 29 Novemba, Młynarczyk alionekana wazi kuwa ametoka kulewa usiku kucha. Mwalimu Ryszard Kulesza akaamua kwamba abaki.

Amri ilikuwa halali, na sababu yake ilionekana kwa macho. Lakini wachezaji wenzake walimwendea mwalimu wakimtaka asimwache. Miongoni mwao walikuwa Boniek, Stanisław Terlecki wa ŁKS, na Żmuda. Terlecki akampakia Młynarczyk katika gari lake akamfikisha kiwanja cha ndege cha Okęcie. Hapo palikuwa na waandishi wa habari na wapiga picha za televisheni, pakatokea purukushani. Mwishowe Kulesza alilegea, na Młynarczyk akapanda ndege pamoja na wengine. Rais wa chama cha mpira, Jenerali Marian Ryba, hakulegea. Młynarczyk, Boniek, Terlecki na Żmuda walirudishwa nyumbani kutoka Italia. Adhabu zikatoka: Boniek na Terlecki wafungiwe mwaka mzima, Młynarczyk na Żmuda miezi minane.

Hapa ndipo tunapotamani kuketi na wasomaji wetu na kuwasikia wao. Katika wanne wale, Żmuda ndiye aliyekuwa hatarajiwi. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa kelele, na alikuwa ametumikia klabu ya polisi na klabu ya jeshi kwa miaka saba. Bila shaka alijua amri ni nini. Hata hivyo alisimama na mwenzake aliyekosa, tena mbele ya mkubwa wake. Je, alikosea? Kwa sheria za kikosi, alikosea. Timu iliyo safarini ni kama kikosi kilicho safarini, na ikiwa kila mwenye sauti ataibadilisha amri mlangoni mwa ndege, basi hakuna amri. Adhabu ilistahili, ijapokuwa kwa urefu wake twaona ilizidi. Kulesza mwenyewe, yule aliyevunjiwa heshima, aliiona kuwa nzito mno, akajiuzulu. Lakini yeyote aliyewahi kukaa katika ulinzi na mlinda mlango mmoja kwa msimu mzima ataelewa pia kwamba mtu yule hakuwa akitetea pombe. Alikuwa akimtetea mtu ambaye Jumapili hadi Jumapili humlinda mgongo wake.

Mwaka 1981 mwalimu mpya, Antoni Piechniczek, aliwarudisha. Boniek, Młynarczyk na Żmuda wakaingia tena kikosini kabla ya muda wa adhabu kutimia. Terlecki hakurudi tena katika timu ya taifa, akaenda kucheza Marekani. Na katika mashindano yaliyofuata ya Kombe la Dunia, Żmuda ndiye aliyefungwa kitambaa cha unahodha. Wakubwa wa mpira wa Poland walimkabidhi mtu aliyewahi kuvunja amri kazi ya kuwasimamia wengine. Twaona walifanya vizuri, kwa kuwa alikwisha kulipa, na wachezaji walijua wazi kwamba nahodha wao hatawatupa.

Kabla ya mashindano hayo nchi yao ilipatwa na mambo mazito. Tarehe 13 Desemba 1981 Jenerali Wojciech Jaruzelski alitangaza sheria ya kijeshi. Viongozi wa chama cha wafanyakazi cha Solidarność walitiwa kizuizini, vifaru vikaonekana mabarabarani katikati ya theluji, na hata wasoma habari wa televisheni wakavaa sare za jeshi. Timu nyingi za Magharibi zilikataa kucheza nao mechi za kirafiki, hata wakafika Hispania Juni 1982 bila kupimwa na yeyote wa maana. Waliokuwa wakiwategemea walikuwa wachache.

Wakaanza kwa sare bila bao na Italia. Wakafuata sare nyingine bila bao na Kameruni, ile Kameruni ya Thomas N'Kono na Roger Milla iliyotoka katika mashindano bila kufungwa mechi hata moja. Huko Poland watu walikasirika, lakini mtu akitazama vizuri ataona ngome ilikuwa imekwisha kujengwa. Peru wakapigwa 5 kwa 1. Mjini Barcelona, Boniek akaifunga Ubelgiji mabao matatu peke yake. Kisha ikaja tarehe 4 Julai, Poland na Urusi.

Mechi hiyo haikuhitaji maelezo kwa Mpolandi yeyote, raia au askari. Poland ilihitaji sare tu, na mabango ya Solidarność yalionekana katika majukwaa ya Camp Nou. Kwa dakika 90 Żmuda aliiongoza ngome yake ikasogea kulia na kushoto, ikirudi na kupanda, na mbele kabisa Włodzimierz Smolarek akaupeleka mpira kwenye kibendera cha kona akauficha hapo kama mtu anayeficha akiba yake. Ikaisha 0 kwa 0. Kwa mechi tano, mbele ya Italia, Kameruni, Peru, Ubelgiji na Urusi, goli la Poland lilikuwa limeingiwa na bao moja tu.

Nusu fainali waliikuta Italia tena. Boniek hakuweza kucheza kwa sababu ya kadi alizopewa, na Paolo Rossi, ambaye katika mechi ya kwanza hakuona kitu, safari hii alikuwa amewaka moto, akafunga mabao mawili. Italia ikaenda kuwa bingwa wa dunia. Żmuda na wenzake walikwenda Alicante, wakaishinda Ufaransa 3 kwa 2, na kwa mara ya pili katika maisha yake akavishwa medali ya nafasi ya tatu.

Kufikia hapo alikuwa amecheza mechi 20 za Kombe la Dunia mfululizo, hakuikosa hata moja ambayo Poland ilicheza tangu 1974. Tumezihesabu. Katika 20 hizo Poland ilifungwa mabao 16, na katika 10, yaani nusu kamili, haikufungwa hata bao moja.

Baadaye mambo yalikwenda taratibu. Poland ya siku zile haikuwaruhusu wachezaji wake kwenda nje mpaka umri umesogea, na Żmuda alipopata ruhusa mwaka 1982 alikuwa na miaka 28. Boniek alikwenda Juventus, Żmuda akaenda Hellas Verona. Majeraha yakamkuta huko. Kwa misimu miwili alicheza mechi chache mno, akaondoka, na msimu uliofuata Verona ikatwaa ubingwa wa Italia bila yeye. Alipita New York kwa muda mfupi katika timu ya Cosmos, akarudi Italia kuichezea Cremonese, timu ndogo ya mji wa Cremona iliyoshuka daraja mwaka 1985, akabaki nayo hadi mwaka 1987.

Alikuwa mchezaji wa daraja la pili la Italia, mwenye miaka 32, Piechniczek alipomchukua tena kwenda Meksiko mwaka 1986. Safari hii hakuwa nahodha, wala hakuwa na nafasi. Aliketi benchi wakati Poland ilipotoka sare na Moroko, timu iliyokuja kuliongoza kundi lile na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kuvuka hatua ya makundi. Aliketi Poland ilipoifunga Ureno 1 kwa 0, na aliketi Gary Lineker alipoifungia Uingereza mabao matatu.

Tarehe 16 Juni, mjini Guadalajara, Poland ilikuwa ikipigwa na Brazil. Mchezo ulikuwa umekwisha kuharibika, na zilibaki dakika chache tu, mwalimu alipomwambia avue fulana ya mazoezi. Matokeo ya mwisho yalikuwa 4 kwa 0. Wapo waliosema aliingizwa kwa ajili ya hesabu tu, ili aifikie idadi ya mechi 21 ya Mjerumani Uwe Seeler, aliyeiweka kati ya 1958 na 1970. Hata kama ni kweli, sisi hatuoni ubaya. Mechi 20 za mwanzo hakupewa na mtu kwa huruma.

Diego Maradona naye aliifikia 21 tarehe 25 Juni 1994, mjini Boston, dhidi ya Nigeria, nayo ikawa mechi yake ya mwisho ya Kombe la Dunia. Lothar Matthäus aliipita idadi hiyo mwaka 1998 akafika 25, na Lionel Messi akafika 26 katika fainali ya mwaka 2022. Kwa upande wa Poland, katika mashindano yote ambayo nchi hiyo imecheza hadi ya 2022, hakuna aliyeifikia 21 ya Żmuda. Anayemfuata ni Grzegorz Lato, mwenye mechi 20 na mabao 10.